Behewa Lililosubiri Chaki

Kila asubuhi, kabla Editha hajamaliza kufagia uwanja, treni ya mizigo ilipita Kintinku ikitokea magharibi. Kwanza sufuria zilizoanikwa kichanjani zilitetemeka, halafu honi ikalia, halafu ukaja mlio wa magurudumu yakivuka viungo vya reli: taka-taka, taka-taka, taka-taka. Babu yake, Mzee Alute, hakuinuka kwenye kigoda chake. Aliinamisha kichwa tu, kikombe cha uji mkononi, akasikiliza mpaka mlio ukaishia upande wa Bahi.

"Mabehewa mangapi?" aliuliza asubuhi moja.

"Ishirini na mbili, babu," Editha alijibu upesi, akizoa takataka.

"Ishirini na nne. Na la tisa gurudumu lake moja limepata ubapa, linagonga reli kama mtu aliyevaa kiatu kilichong'oka kisigino. Umehesabu au umekisia?"

"Nimehesabu babu. Labda nimekosea kidogo."

"Haya," alisema Mzee Alute, akarudia uji wake.

Mzee huyu alizaliwa Mungaa, akaondoka kijana akaajiriwa na shirika la reli, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa mabehewa. Kazi hiyo watoto wengi hawaijui. Treni ikisimama stesheni, abiria wakiwa wananunua karanga na mayai, mkaguzi hupita pembeni na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga gurudumu moja moja. Gurudumu zima hulia ngee! Lenye ufa hulia ko, kama chungu kilichopasuka. Kisha huinama, hutazama uvunguni, hushika breki, hukaza macho kwenye kila nati. Akiridhika, hutoa chaki mfukoni na kupiga alama ya vema ubavuni mwa behewa. Bila alama hiyo behewa haliendi popote, hata kama limebeba mzigo wa mkubwa gani.

Alistaafu, lakini chaki hakuiacha. Kipande kimoja kilikaa siku zote kwenye mfuko wa shati lake. Mtu akitengeneza kitu kikatengenezeka, mzee alikizunguka, akakigusa, akainama, na kama hakuona kasoro alikipiga chaki bila kusema neno. Mlango wa banda la mbuzi aliouunda mjomba ulikuwa na alama. Kinu cha mama yake Editha kilikuwa na alama. Jembe la jirani nalo lilikuwa na alama, na jirani alikasirika mvua ilipoifuta!

Vitu vya Editha havikuwa na alama hata kimoja.

Na jamani, Editha alikuwa fundi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na tangu darasa la pili alikuwa akiunda treni. Makopo ya dagaa yalikuwa mabehewa, vizibo vya soda vilikuwa magurudumu. Watoto wa mtaani walizigombania. Walimu walizisifu. Mama yake alimpeleka mgeni yeyote akazione kama watu wanavyopeleka wageni kuona ng'ombe. Lakini babu alizichukua, akazigeuza chini juu, akacheka kidogo, akasema, "Nzuri, mama. Inakwenda wapi hii, harusini?" Kisha akazirudisha mkononi mwa mwenyewe. Mkono wake haukwenda mfukoni.

Hilo lilimuuma Editha kuliko fimbo. Sifa za watu wote alikuwa nazo, ila alama moja ya chaki hana.

Siku moja Mwalimu Lea, anayefundisha sayansi, aliingia darasani na habari. Shule ingefanya maonyesho ya kazi za mikono, na mkaguzi wa elimu, Bi Scola, angetoka wilayani kuja kuyaona.

"Editha na Noel," alisema, "nyinyi mtaunda treni ya mizigo. Lakini sitaki treni ya makopo. Nataka mtu aliyewahi kuipanda aitazame aseme, ndiyo hii."

Noel alikuwa jirani yake Editha kwenye dawati, mvulana mpole mwenye vidole vyepesi ambaye waya mkononi mwake uligeuka chochote alichotaka. Wakatazamana wakatabasamu.

Mwalimu Lea aliwafundisha namna ya kupunguza vipimo. Kila sentimita hamsini za kitu chenyewe ziwe sentimita moja ya mfano. Behewa la mita kumi na mbili na nusu litakuwa la sentimita ishirini na tano. Kisha akampa Editha daftari jipya.

"Kila kipimo kiandikwe humu. Na pembeni utaweka alama ya vema pale tu ulipopima kwa mkono wako mwenyewe. Umenielewa? Si uliposikia, si ulipokisia. Ulipopima."

"Nimekuelewa, mwalimu."

Jumamosi walikwenda stesheni. Watoto hawaruhusiwi kucheza relini, na Mzee Alute angemchapa mtu kwa hilo, kwa hiyo Mwalimu Lea alikuwa ameomba ruhusa, na mkuu wa stesheni akawapa mfanyakazi wake, Bwana Miraji, awasimamie. Pembeni, kwenye njia isiyotumika, lilisimama behewa moja kuukuu la kubebea mizigo, jekundu la rangi ya kutu.

Lo, walipima! Urefu, kimo, upana, milango, ngazi, hata nafasi kati ya ribiti na ribiti, ile misumari butu inayoshikilia mabati. Noel alishika ncha ya futi ya fundi cherehani, Editha akasoma na kuandika. Bwana Miraji mwenyewe alishangaa. "Watoto nyie mna kichaa," alisema akicheka. "Mimi nimelipita behewa hili miaka sita, sijui hata lina ribiti ngapi."

Ikabaki sehemu ya chini: magurudumu, breki, na upana kati ya gurudumu la kulia na la kushoto. Hapo ilitakiwa mtu alale chali aingie uvunguni. Uvungu ule ulijaa mbigili, mavi ya mbuzi na grisi ya zamani nyeusi ti. Na Editha siku hiyo alikuwa amevaa gauni lake jipya jeupe, kwa sababu kutoka hapo angepitiliza kanisani kwenye mazoezi ya kipaimara.

"Niingie mimi?" Noel aliuliza.

"Wewe husomi vipimo vizuri," Editha alisema. Kisha akatazama gauni, akatazama mbigili. "Twende tu. Ya chini naijua."

"Unaijua?"

"Naijua, Noel. Si ipo kwenye ule mchoro wa darasa la tano? Upana wa reli ni mita moja na sentimita arobaini na tatu na nusu."

Ni kweli kwamba mchoro huo ulikuwepo, na namba hiyo ilikuwa sahihi kabisa. Ila ulikuwa mchoro wa reli mpya, ile ya treni za umeme. Mtoto wa mahali pengine asingeweza kukosea hivyo, maana angekuwa na reli moja tu au hana kabisa. Watoto wa Kintinku wana reli mbili, ya zamani na mpya, na Editha alichukua miguu ya moja akaivisha nyingine.

Akaandika namba hiyo daftarini. Akaandika na kipenyo cha gurudumu kwa kukisia, na breki kwa kukisia. Kisha, kwa sababu safu ya vema ilionekana mbaya ikiwa na mapengo, akaweka vema. Moja, mbili, tatu.

Wiki mbili walizofanya kazi zilikuwa wiki za raha. Mabehewa matano waliyajenga kwa maboksi magumu. Ribiti zilikuwa vichwa vya pini. Magurudumu waliyakata kwenye soli za kandambili kwa kipande cha bomba kilichonolewa mdomo, moja baada ya jingine, yote mviringo, yote sawa. Spoku za baiskeli zilikuwa ekseli za kuunganisha gurudumu na gurudumu. Chini ya kila behewa viliwekwa vigari viwili, kila kimoja na magurudumu yake manne. Noel alinyoosha seng'enge akaunda reli, akaipigilia kwenye vipande vya mbao kwa upana aliopewa na Editha. Injini ilikuwa na madirisha ya plastiki na taa ya kioo cha tochi. Mama yake Editha alipoiona alipiga kigelegele peke yake pale uani.

Jumanne jioni, siku tatu kabla ya maonyesho, Editha aliipanga treni nzima mbele ya kigoda cha babu yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hee! Leo umeniletea stesheni nzima."

Mzee Alute alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Akashuka kwenye kigoda, magoti yakalia, akalala kifudifudi mavumbini ili macho yake yawe usawa wa reli. Akatazama injini. Akatazama behewa la kwanza, akapitisha ukucha juu ya ribiti. "Ribiti zimehesabiwa," alisema polepole. "Mlango ni wenyewe. Hata ngazi imepinda pale ilipopinda." Mkono wake ukaenda mfukoni. Ukatoka na chaki.

Noel aliyekuwa kando akamfinya Editha mkono.

Lakini mzee alikuwa amelishika behewa na kuligeuza akalitazama kwa mbele. Akatazama tena. Kisha akarudisha chaki mfukoni.

"Nani aliingia uvunguni mwa behewa hili?"

Noel alimtazama Editha. Editha alijibu upesi:

"Mimi, babu."

"Ukapima upana wa magurudumu?"

"Nilipima. Ipo daftarini, ina vema."

Mzee Alute aliinuka taratibu, akajipangusa vumbi magotini, akakaa kwenye kigoda. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Basi kama umepima," alisema, "behewa lile limekua tangu nistaafu. Maana reli ya zamani mimi nimeishi nayo. Ni mita moja, haizidi hata unene wa ukucha. Behewa lake lina tumbo kubwa na miguu ya karibu karibu, tumbo linatokeza nje huku na huku. Lako limetanua miguu kama mtu anayechota maji mtoni. Lakini wewe umepima, na mimi ni mzee."

Akachukua fimbo yake, akaenda kutazama mbuzi.

"Editha," Noel alinong'ona, "umenipa namba ya wapi?"

"Nyamaza."

"Mimi nimeijenga reli kwa namba yako!"

"Noel, nani atajua? Bi Scola anatoka mjini. Hata Mwalimu Lea hakuona."

Noel alikusanya vifaa vyake akaenda kwao bila kuaga.

Siku iliyofuata Mwalimu Lea aliinua daftari la Editha mbele ya darasa lote. "Tazameni," alisema kwa furaha. "Hii ndiyo kazi. Kila kipimo kina vema. Nawaomba mjifunze kwa Editha maana ya kuwa makini." Darasa likapiga makofi ya kilo. Pasha moto, pasha moto, pa!

Wee! Sifa zikiwa za haki ni tamu kama asali, ila zile ziliingia masikioni mwa Editha kama mchanga. Alitamani sakafu ipasuke aingie. Kila kofi lilimkumbusha vema tatu alizoweka akiwa amesimama, gauni safi, hajainama hata mara moja. Akamtazama Noel, Noel alikuwa akipiga makofi huku ameinamisha macho.

Kengele ya mapumziko ilipolia, wenzake walikimbilia nje. Editha akapiga moyo konde, akaenda mezani kwa mwalimu.

"Mwalimu, naomba daftari langu."

"La nini tena?"

"Kuna vema tatu za uongo." Machozi yakamtoka hapo hapo. "Sikuingia uvunguni. Nilikuwa na gauni jipya. Namba ya reli niliichukua kwenye mchoro, na nyingine nilikisia. Na babu ameniuliza, nikamwambia nimepima."

Uso wa Mwalimu Lea ulionyesha kwamba imemuuma.

"Na upana wenyewe ni kiasi gani?" aliuliza hatimaye.

"Babu anasema mita moja."

"Babu anasema. Wewe umepima?"

"Hapana."

"Basi nenda ukapime. Leo. Halafu tutazungumza kuhusu uongo."

Alasiri hiyo Editha alimkuta babu yake akisuka kamba ya mbuzi. Alipiga magoti mbele yake.

"Babu, nilikudanganya. Sikupima."

"Najua."

"Ulijua jana?"

"Njia ya mwongo ni fupi, mama, na hiyo yako ilikuwa na urefu wa behewa moja tu." Alisema bila hasira, akaweka kamba chini. "Lete nyundo yangu. Ipo nyuma ya mlango."

Wakaenda stesheni wote watatu, kwa maana Noel, aliyeambiwa na Editha mwenyewe kila kitu njiani kutoka shule, alisema hawezi kubaki nyuma. Alikuwa amenuna, lakini alikwenda. Bwana Miraji alipomwona Mzee Alute na nyundo begani, alivua kofia. "Shikamoo mkaguzi!" alisema, kana kwamba mzee hajastaafu hata siku moja.

Mbele ya behewa jekundu mzee alisimama. Akagonga gurudumu la kwanza. Ngee! Mlio ukapanda hadi upande wa mlima wa Kilimatinde. Akagonga la pili, la tatu. Alizunguka behewa zima hivyo, mgongo umepinda, ametega sikio, na watoto wakamfuata hatua kwa hatua. Editha alikuwa amemwona babu yake akila, akilala, akigombeza mbuzi. Hakuwahi kumwona akifanya kazi. Loo, alimheshimu! Kila pigo lilikuwa pale pale palipotakiwa, si juu si chini, na baada ya kila mlio alinyamaza kidogo kama mtu anayesubiri kujibiwa.

"Nitawaambia jambo ambalo mama yako halijui," alisema alipomaliza. "Mwaka wangu wa nne kazini, siku moja ya mvua, niliingia zamu na sare mpya. Imenyooshwa, imekunjwa mikunjo. Treni ikaja, chini matope tupu. Nikagonga magurudumu, yote yakalia vizuri. Behewa la mwisho sikuinama. Nikajiambia, magurudumu mazima, uvungu nao utakuwa mzima. Nikapiga chaki. Treni ikaondoka."

"Ikawaje?" Noel aliuliza.

"Ilipopotea machoni, moyo ulianza kunisuta. Unaweza kumdanganya dereva, ukamdanganya bosi, lakini mkono wako ulioshika chaki unajua. Nikaingia ofisini nikamwambia mkuu wa stesheni, behewa la mwisho sikulikagua, piga simu stesheni ya mbele waisimamishe. Alinitazama kama mwendawazimu. Akapiga. Wakaisimamisha, wakainama. Nondo ya breki ilikuwa imechomoka upande mmoja, imebaki kidogo iburute chini. Ingekwama kwenye njia panda ya reli, behewa lingeanguka."

Upepo ulipeperusha makaratasi kwenye uwanja wa stesheni.

"Nilipewa barua ya onyo," aliendelea. "Ninayo mpaka leo sandukuni. Sikuichukia hata siku moja, kwa maana hakuna mtu aliyekufa. Haya, mjukuu wangu. Mkaguzi hainamishi watu wengine. Anainama mwenyewe."

Editha alikuwa amevaa gauni la shambani. Akalala chali, akajisogeza uvunguni. Mbigili zikamchoma mgongoni, grisi ikampaka shavu, vumbi likamjaa pua. Akanyoosha futi kutoka gurudumu hadi gurudumu, Noel akiishika upande wa pili, akasoma kwa sauti kubwa: "Inakubali mita moja, kasoro kidogo sana!"

"Hiyo kasoro ni nafasi ya gurudumu kupumua ndani ya reli," babu alijibu kutoka nje. "Umeona sasa? Hata mimi nilikuambia mita moja, lakini aliyelala chini kaona zaidi."

Akapima kipenyo cha gurudumu. Akapima breki, na hapo akagundua jambo ambalo asingeliota: nondo za breki hazikuwa nyuma na mbele sawasawa kama alivyozichora. Zilitoka upande mmoja tu na kupita mshazari. Alitoka uvunguni mweusi kama mfagia jiko, meno meupe, anacheka.

Kazi iliyobaki haikuwa ya kuchekesha. Ilikuwa Jumatano jioni, maonyesho Ijumaa. Walipojaribu kung'oa vigari, gundi ilikuwa imeshika vibaya, na sakafu za maboksi zikachanika. Behewa la kwanza likaharibika. La pili likaharibika. Noel akakaa chini.

"Hatuwezi kuyatengeneza yote, Editha. Tuache matatu yaliyobaki kama yalivyo, tuunde moja jipya. Tuliweke mbele, wasione ya nyuma."

Editha alifikiri. Treni ya mabehewa manne ingejaza meza nzima. Treni ya behewa moja ingeonekana kama mbuzi na mwanawe.

"Hapana," alisema. "Tuunde moja la kweli na injini. Mengine yabaki nyumbani."

"Tutachekwa."

"Tuchekwe basi. Mimi nimechoka kujificha."

Noel akavuta sanduku la bati la misumari. "Lete koleo," alisema. "Reli yote niitandike upya. Milimita ishirini, sivyo?"

"Ishirini. Na magurudumu tuyape nafasi ya kupumua."

Ijumaa meza zilipangwa kwenye uwanja wa shule. Kulikuwa na vikapu, mizinga ya nyuki, viti vya miguu mitatu, na jiko la udongo linalotumia kuni chache. Treni ya Editha na Noel ilikuwa fupi kuliko vyote, imesimama kwenye kipande chake cha reli. Wavulana wa darasa la saba walipita wakicheka. "Treni gani hii, imekatwa mkia?"

Bi Scola, mama mnene mwenye sauti ya upole, alipofika mezani kwao alifungua daftari kwanza. Akakuta namba tatu zimekatwa kwa mstari, na pembeni maandishi ya Editha: *Hizi sikupima. Nilikisia. Nimepima upya Jumatano.*

"Kwa nini hukuchana ukurasa ukaandika mwingine safi?" aliuliza. "Mngeonekana vizuri zaidi."

Mwalimu Lea alikuwa amesimama karibu. Editha akaigusa mistari ile kwa kidole.

"Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, mama. Kama ningechana, ningekuwa nimedanganya mara ya pili."

Bi Scola aliinama akaisukuma treni kwa kidole. Injini na behewa vikateleza kwenye reli mpaka mwisho, kwenye kona havikuyumba, tumbo la behewa likitokeza huku na huku juu ya magurudumu yake madogo, sawasawa na lile jekundu la stesheni. Mtu mmoja nyuma akasema, "Duh, ndiyo yenyewe!" Alikuwa Bwana Miraji.

Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa jiko la udongo, na lilistahili. Treni ikapata ya pili. Editha alipiga makofi kwa moyo mweupe, lakini macho yake yalikuwa getini, kwa sababu babu alikuwa ameahidi kuja na hajafika.

Alifika watu wakianza kutawanyika. Alikuwa amevaa koti la sare ya zamani, mikunjo yake bado inaonekana. Hakumsalimia mtu yeyote kwanza. Alikwenda moja kwa moja mezani, akashika ukingo, akapiga magoti, magoti yakalia, akalaza kichwa usawa wa reli. Akatazama mbele. Akatazama nyuma. Akageuza behewa, akafuata nondo ya breki kwa ukucha kutoka upande mmoja hadi mwingine, mshazari. Akaligonga gurudumu la kandambili kwa kidole, akatega sikio, watu wakacheka, naye akacheka.

Kisha mkono ukaenda mfukoni. Mstari mmoja mfupi, mmoja mrefu. Alama nyeupe ya vema ikakaa ubavuni mwa behewa, ndogo, imara.

Editha alilia mbele ya watu wote na hakuona haya.

Mzee Alute akachukua kiganja cha mjukuu wake, akaweka kile kipande cha chaki ndani, akakifunga vidole. "Sasa itunze wewe," alisema. "Sikiliza, mama. Kukosea si aibu, mimi mwenyewe nilikosea. Aibu ni kupiga chaki mahali ambapo hukuinama. Mtu akiweka alama yake kwenye kitu, watu watapanda juu yake wakiamini. Kwa hiyo pima kwanza. Na kama hukupima, sema hukupima, tena mapema, kabla treni haijafika mbali."

"Nimesikia, babu."

Mwalimu Lea, aliyekuwa amesikia yote, alichukua daftari akalifungua ukurasa ule wenye namba zilizokatwa. Jumatatu ukurasa huo ulikuwa umebandikwa kwenye ukuta wa darasa la sita, na haukubandikwa kwa ajili ya kumwaibisha mtu.

Asubuhi iliyofuata maonyesho, Editha alikuwa akifagia uwanja kama kawaida. Sufuria zikatetemeka kichanjani, honi ikalia, treni ikapita taka-taka, taka-taka. Safari hii aliacha ufagio, akasimama, akahesabu kwa vidole.

"Mangapi?" aliuliza babu kutoka kwenye kigoda.

"Kumi na nane nimeyahesabu, babu. Ya mwisho sikuyasikia vizuri, ng'ombe wa jirani walikuwa wakipita. Sijui yalikuwa mangapi."

Mzee Alute aliweka kikombe cha uji chini, akacheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Hata mimi, mama," alisema. "Ng'ombe wale walinipoteza pale pale. Kesho tutasikiliza vizuri zaidi, wote wawili."